Breki za Babu

Nilimwambia babu yangu kwamba yeye ndiye aliyemuua nyanya. Nilimwambia hivyo mbele ya jeneza, watu wakiwa wamejaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, maikrofoni ya mchungaji ikiwa bado imewashwa. Nilikuwa na miaka 26. Sikuwa nimelewa na sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekasirika tu.

Dakika moja kabla ya hapo babu alikuwa amesimama bila kuitwa. Mchungaji alikuwa akimsifu nyanya kwa jinsi alivyolea watoto wake kwa heshima, na babu akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha msibani ambacho watu wazima hukitoa ili wasilie. Alicheka kama mtu aliyepigiwa stori tamu ndani ya matatu. Kisha akasema, heshima gani, akamnyooshea shangazi fimbo, akatangazia boma zima kwamba kifungua mimba wake ana baba wawili, hajulikani ni yupi, na akawataja wote kwa majina. Mmoja wao alikuwa ameketi safu ya tatu pamoja na mke wake.

Shangazi alijifunika uso kwa leso. Binamu yangu, ndiye mwenyewe anayezungumziwa, mwanamume wa miaka 31, alikuwa anapita na kreti ya soda. Aliiweka chini polepole sana, kama mtu anayetua mayai. Nafikiri ni ule upole wake ulionimaliza. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba nimeamua kusema.

Basi pale Voi, Jumamosi hiyo ya Desemba, watu wawili wa damu moja walishindwa kujizuia ndani ya dakika mbili, mmoja akiwa na miaka 71 na mwingine 26. Kesi iliyofuata ndiyo inayonisumbua mpaka leo.

Wazee wa ukoo walikaa jioni ile ile. Babu hakuulizwa kitu. Ni mfiwa, ni mzee, utamuuliza nini? Mimi nikaambiwa nilete mbuzi. Baba mkubwa alisema nimemvua babu nguo mbele ya watu, na kwamba Nairobi imeniharibu. Nilimnunua mbuzi huyo kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya kodi ya nyumba. Akachinjwa, akaliwa, nami nikala, maana ukitozwa mbuzi usipomla inakuwa kesi nyingine.

Mwezi wa tatu ikaja barua ya daktari. Lakini hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Babu alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule anayekaa behewa la mwisho akiangalia treni nzima kutoka nyuma. Alistaafu miaka mingi kabla ya reli mpya kufika Voi mwaka 2017. Tulipokuwa watoto alitueleza breki za treni mpaka tukazikariri: bomba la hewa linapita chini ya mabehewa yote, na likikatika mahali popote, breki zinajifunga zenyewe na treni inasimama. Alilipenda sana wazo hilo, kwamba kitu kinaweza kutengenezwa hivi kwamba kikiharibika, kinaharibika kuelekea upande wa usalama. Na yeye mwenyewe alikuwa hivyo. Ukimuuliza jambo alikaa kimya mpaka ukadhani hajasikia, ndipo akajibu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Kwetu ukitaka kumsifu mtu kwa utulivu ulisema, huyo ni kama Babu.

Mabadiliko yalianza na sukari. Mtu ambaye alikuwa akinywa chai ya rangi bila kitu, tukaanza kumkuta jikoni anakula sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, kama mtoto aliyeachwa peke yake. Kisha akaanza kumwambia mama mboga mambo kuhusu makalio yake. Kisha pesa: meseji za matapeli, zile za hongera umeshinda, alizijibu zote, akatuma, akatuma tena. Nyanya alikuwa akimfuata nyuma siku nzima, akimwomba msamaha huyu, akimrudisha yule, akificha simu, akificha kopo la sukari. Usiku halali. Ilipofika Novemba moyo wake ukasimama. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu nilipofungua mdomo pale kaburini.

Sisi watoto na wajukuu tulikuwa na maelezo yetu. Wengine walisema ni uzee. Wengine walisema amerogwa. Mjomba mmoja alisema ni madharau ya pesa, kwamba tangu auze kile kipande cha shamba hamheshimu mtu. Kilichotupoteza ni kwamba babu hakuwa anasahau. Alikumbuka siku za kuzaliwa zetu zote, alikumbuka namba za injini. Sote tulidhani ubongo ukiugua, unaanza kwa kusahau. Kumbe kuna dimenshia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, na hiyo inaweza kuiacha kumbukumbu ikae vizuri kwa muda huku ikila kitu kingine kabisa: haya, huruma, subira, uwezo wa kujiambia ngoja kwanza. Daktari wa Mombasa alituonyesha picha ya kichwa chake na pale mahali palipokuwa pamenywea. Alipouliza kama mzee amependa vitu vitamu siku za karibuni, mama yangu akaanza kulia hapo hapo.

Barua hiyo ilimsafisha babu. Ikasomwa kwenye simu kwa jamaa wote. Baba mkubwa alisema, kumbe tulimwonea mzee wa watu. Kila mtu akakubali kwamba aliyesimama na fimbo msibani hakuwa babu, ulikuwa ugonjwa.

Mimi haikunisafisha. Na hapo ndipo nilianza kukosa usingizi, maana kama ni ubongo wake uliomsemesha, wangu ulikuwa wapi siku hiyo? Kwani mimi nilisemeshwa na nini, na ini?

Nilijitafutia udhuru, nawaambia ukweli. Nilikuwa sijalala siku tatu kwa sababu ya matanga. Nilikuwa nimefiwa na mtu aliyenilea miaka yangu sita ya kwanza. Na kulikuwa na hadhira, jambo ambalo si dogo. Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu wa rika tatu walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wenzao wakiwatazama. Wenzao walipokuwapo, matineja walijihatarisha zaidi sana, vijana wa miaka 18 hadi 22 nao vile vile ingawa si kwa kiasi hicho, lakini watu wazima waliokuwa na miaka 24 na kuendelea hawakubadilika kitu cha maana. Nilifurahi sana niliposoma habari hii, mpaka nikafika pale kwenye miaka 24. Mimi nilikuwa na 26. Hata huo udhuru umenipita kwa miaka miwili.

Nikaenda kwenye sheria. Kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema, kwa kifupi, kwamba mtu akiua kwa hasira iliyowashwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira hiyo haijapata muda wa kupoa, hatahesabiwa kuwa na kosa la mauaji ya kukusudia bali la kuua bila kukusudia. Kwa hiyo sheria yetu inaijua ile dakika. Inakubali kwamba mtu wa kawaida, mwenye akili zake, anaweza kupandwa na mori akawa hajishiki. Lakini angalia vizuri: haimwachilii. Inampunguzia tu. Kosa linabaki lake. Kwa hesabu hiyo ningepaswa kutozwa labda nusu mbuzi.

Aristotle naye alilifikiria jambo hili miaka zaidi ya 2300 iliyopita, katika kitabu chake cha maadili kinachoitwa kwa jina la Nikomakho. Anasema aliyeshindwa na hasira ana aibu ndogo kuliko aliyeshindwa na tamaa, kwa sababu hasira angalau huisikiliza akili, ila huisikia vibaya, kama mtumishi mwenye haraka anayetoka mbio kabla hujamaliza kumtuma. Huyo mtumishi namjua. Hapo hapo Aristotle anaingiza kisa cha mtu aliyeshtakiwa kwa kumpiga baba yake. Akajitetea kwamba baba naye alimpiga babu, na babu alimpiga aliyemtangulia, na huyu mwanangu mdogo hapa akikua atanipiga mimi. Kwetu ni mambo ya ukoo. Nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka, maana mama yangu alikuwa amenipigia simu wiki ile ile na kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumza huku anakatakata sukumawiki, kwamba nimerithi hasira ya babu.

Hasira gani ya babu?

Ndipo akanipa stori ambayo hakuna mjukuu aliyekuwa nayo. Babu wa miaka ishirini na kitu alikuwa moto wa kuotea mbali. Aliwahi kumtoa mwenzake jino kazini kwa sababu ya mzaha na akasimamishwa mwezi mzima bila mshahara. Aliwahi kuvunja mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mshahara ukiingia, kufikia Jumatatu umeisha. Nyanya, ambaye aliolewa akiwa na miaka 19, hakumhubiria. Alipanga mambo. Siku ya mshahara alimngoja getini, akachukua bahasha, akamrudishia ya sigara. Akiona mishipa ya shingo ya mumewe imesimama, alimwambia kwa kikwao aende nje akahesabu mabehewa. Nyumba zao za wafanyakazi zilikuwa kando ya reli, na treni zilikuwa nyingi enzi hizo. Alienda, akahesabu, akarudi. Baada ya miaka kadhaa alikuwa akihesabu bila kuambiwa, na baada ya mingine hata treni haikuhitajika. Ule ukimya wake kabla ya kujibu, ule tuliouita hekima ya Babu, alikuwa anahesabu mabehewa.

Jambo hili limenisumbua kuliko barua ya daktari. Sisi husema utu uzima dawa, kama kwamba miaka yenyewe inakuja na utulivu mfukoni. Na kuna ushahidi upande huo. Mwanzoni mwa kile kitabu cha Plato kuhusu dola kuna mzee Kephalos anayesimulia jinsi mshairi Sophocles, alipoulizwa uzeeni kama bado anawaweza wanawake, alijibu kwamba anashukuru ameponyoka, kama mtumwa aliyemtoroka bwana mwendawazimu. Na katika zama zetu, Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwapa watu 184, wenye miaka 18 hadi 94, vifaa vya kuwabipu mara tano kwa siku kwa wiki nzima, na kila kikilia mtu anaandika anavyojisikia wakati huo. Hisia mbaya zilikuwa zikipungua kadiri umri ulivyopanda, mpaka karibu miaka 60. Maelezo ya Carstensen ni kwamba mtu akiona muda uliobaki si mwingi, anachagua: anawaweka karibu watu anaowapenda, na ugomvi usio na maana anaupisha upite.

Lakini upande wa pili pia una ushahidi. Mwanasaikolojia William von Hippel amechunguza kwa nini wazee wengine, wazima kabisa, wasio na dimenshia, watakuuliza mbele ya wageni kama bado una yale matatizo ya tumbo. Jibu lake ni kwamba sehemu ya ubongo inayozuia neno lisitoke huchoka na umri, hata kama mzee huyo anajua vizuri kwamba neno hilo halifai. Kwa hiyo kwa mzee moto chini ya sufuria umepungua na kifuniko nacho kimelegea. Kwa kijana moto ni mkali na kifuniko bado hakijakaa sawa. Ndiyo maana familia ikikutana pamoja kwenye msiba, rika zote chini ya hema moja, siku tatu bila usingizi, mimi sasa nashangaa kwamba watu huzikwa kwa amani hata mara moja.

Binamu yangu mwingine, si yule wa kreti, ana nadharia inayopendwa sana na watu. Anasema babu alikuwa anaficha tu. Miaka yote hiyo alikuwa anamdharau shangazi moyoni, na ugonjwa umefungua mlango tukaona ndani. Ni kama watu wanavyosema kuhusu pombe, kwamba mlevi ndiye msema kweli. Na wewe pia, akaniambia, siku ile ulisema unachoamini.

Sikumjibu wakati huo. Sasa namjibu hapa, kwa sababu nimekuwa na muda.

Ndio, niliamini. Si kabisa, lakini wazo hilo nilikuwa nalo kwenye basi kutoka Nairobi, kutoka Mtito Andei mpaka Voi lilikuwa limeketi na mimi. Nililitazama, nikaliona ni la ukatili na si la haki, nikaliweka kando. Nilikuwa nimeamua. Aliyeliweka kando ni mimi vile vile. Kwa nini aliyelisema ndiye awe mimi wa kweli, na aliyelinyamazia kwa saa mbili nzima awe mnafiki?

Na babu: alikuwa anaijua siri ya shangazi miaka 31. Kila mwezi, kila Krismasi, kila alipogombana na binti yake, alikuwa nayo mdomoni na hakuitoa. Yule mtoto alipozaliwa ndiye aliyempa jina. Ndiye aliyemnunulia baiskeli ya kwanza, akamfundisha kuipanda kwenye ile barabara ya vumbi nyuma ya stesheni. Hebu niambie, tukitaka kumjua babu tutazame wapi, kwenye miaka 31 au kwenye dakika moja? Kinachozuiwa ni cha mtu, sawa, lakini na kuzuia ni kwake pia. Mimi nadhani ni kwake zaidi, kwa sababu mawazo machafu humjia kila mtu bila kualikwa, lakini kunyamaza lazima ukujenge. Ugonjwa haukutuonyesha babu wa ndani. Ulibomoa kitu alichokijenga miaka hamsini, tena akijenga na mke wake, na sisi tukasimama kwenye kifusi tukasema, aha, kumbe nyumba ilikuwa hivi.

Mkewe. Hapo ndipo hesabu yote inapobadilika. Nilikuwa naifikiria breki kama kitu kilicho ndani ya kichwa cha mtu mmoja, kizima au kibovu, basi. Lakini ya babu ilianza nje. Ilianza getini siku ya mshahara, kwenye mkono wa msichana wa miaka 19, ikaingia ndani polepole mpaka ikaonekana ni tabia yake. Alipougua, ilitoka tena nje: nyanya alikuwa anaficha sukari na simu kama alivyokuwa akichukua ile bahasha. Babu aliyesimama kwenye msiba alikuwa amepoteza breki zote mbili mwezi mmoja kabla, ya kichwani na ya nyumbani, ila moja tu ndiyo iliyokuwa ndani ya jeneza tukiiona.

Kuna mtu wa reli mwingine ambaye madaktari wa ubongo humtaja sana, Phineas Gage. Alikuwa msimamizi wa wajenzi wa reli huko Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, baruti ililipuka kabla ya wakati na mtaimbo wa chuma ukamwingia shavuni ukatokea utosini. Alikuwa na miaka 25. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na wa kutegemewa akawa mtukanaji, hana subira, anapanga jambo na kuliacha, na waajiri wake hawakumtaka tena. Kwa kawaida stori huishia hapo, ili sisi tuogope vizuri. Haikuishia hapo. Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi Marekani na kufariki mwaka 1860. Kazi ile inataka uvumilivu: uamke saa ile ile, ufunge farasi, upite njia ile ile, uwe mpole kwa abiria. Mtafiti Malcolm Macmillan, aliyechimbua maisha yake, anaona kwamba huenda utaratibu wenyewe wa kazi ndio uliomrudishia sehemu ya utulivu wake. Kichwa kilikuwa na shimo, ratiba ikaliziba kiasi.

Tukaamua kujaribu kuwa ratiba. Si rahisi kama inavyosikika. Kwanza ilikuwa simu. Wajomba walitaka anyang'anywe kabisa. Mama yangu alisema mzee akinyang'anywa simu amenyang'anywa uanaume. Mimi nilisema, na bado sijui kama nilisema sawa, kwamba pesa yake ya uzeeni iende kwa binamu wa kreti, na kwenye simu ya babu iwe inaingia shilingi 200 kila Jumatatu, azitume apendako, hata kwa tapeli. Namba ya siri ya akaunti kubwa ninayo mimi. Alipogundua aliniita mwizi, na neno hilo lilikuwa sahihi kiasi. Ukimwamulia mtu mzima kuhusu pesa zake, kuna kitu umemwibia, barua ya daktari uwe nayo usiwe nayo. Tofauti yetu na nyanya ni kwamba yeye bahasha alipewa. Babu kijana alikuwa akiitoa mwenyewe mfukoni, akijua kwa nini.

Na nadhani hapo ndipo tofauti kati yangu na babu ilipo, ile niliyokuwa naitafuta usiku. Haipo kwenye ile dakika. Katika ile dakika tulikuwa sawa, vichwa viwili ambavyo mtumishi wao alishatoka mbio. Tofauti ipo kabla na baada. Mimi najua kwamba nikikosa usingizi mdomo wangu ni hatari; ningeweza kukaa mbali, ningeweza kumwambia dada yangu anishike mkono. Wale watoto wa Stanford ambao Walter Mischel aliwawekea peremende mezani akiwaambia wangoje, waliofaulu mara nyingi hawakuwa wanakaza misuli ya roho. Walifunika macho, waliimba, waligeuka upande wa ukuta. Hiyo naweza. Na baada ya kosa, mimi naweza kuamka na aibu. Babu alilala usingizi mzuri siku ile ya mazishi. Nilimsikia akikoroma. Wakati huo nilimchukia kwa kukoroma kule, sasa nadhani ni sehemu ya ugonjwa iliyo ya huzuni kuliko zote. Kwa hiyo yule mbuzi, nimekubali, alikuwa halali. Nilitozwa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa bado ninaweza kutozwa.

Nilikwenda kumwomba msamaha wakati wa Pasaka. Nilichagua asubuhi, saa moja, kwa sababu nilikuwa nimesoma kazi za Lynn Hasher na wenzake kwamba wazee wengi hujidhibiti vizuri asubuhi kuliko jioni, na kwa babu hilo ni kweli hata bila utafiti. Alikuwa ameketi barazani, amenyolewa, shati limefungwa mpaka juu.

“Babu, shikamoo.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyesema nimemuua nyanya yako.”

Niliwaambia, hasahau. Nikapiga magoti, nikasema ndio, ni mimi, nilikosa, anisamehe. Alinitazama kwa muda mrefu, nami kwa ujinga nikafikiri anahesabu.

“Kopo la sukari liko wapi?” akauliza.

Lilikuwa ndani ya begi langu, mama alikuwa ameniachia. Nikampa kijiko kimoja. Akataka cha pili, nikamwambia cha pili ni saa kumi. Akanitukana tusi ambalo nyanya asingeamini, na msichana anayemsaidia akatoka jikoni kuangalia kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Sijui kama nimesamehewa. Inawezekana anayeweza kunisamehe hayupo tena, na aliyepo hana hasira na mimi kabisa, anataka sukari.

Shangazi ndiye asiye na mtu wa kumtoza mbuzi. Barua ya daktari alisomewa, akasema ameelewa, na ameelewa kweli. Hutuma pesa ya matunzo kila tarehe tano bila kukumbushwa. Lakini siri yake haikurudi ndani kwa sababu ubongo wa mtu umenywea. Yule mke wa safu ya tatu alihama nyumbani kwa mumewe mwezi wa kwanza. Binamu hajamwuliza mama yake chochote, na hajaja hata siku moja nyumbani bila sababu ya kazi. Shangazi hajakanyaga Voi tangu Desemba.

Kila nikipiga simu asubuhi babu huniuliza yuko wapi, mbona haji, amemkosea nini. Huwa namjibu kwamba yuko kazini. Bado sijamwambia shangazi kwamba anaulizwa.